Kupata Mimba Tena Baada ya Kujifungua: Namna ya Kusubiri, Kujiandaa na Kuhesabu Siku

Mwanamke aliyejifungua anaweza kushika mimba nyingine kabla hajaona hedhi hata mara moja. Yai hupevuka takriban wiki mbili kabla ya damu ya mwezi kutoka, na likirutubishwa damu hiyo haitoki kabisa. Ndiyo maana wapo akina mama wanaofika kliniki wakieleza kwamba hedhi haijarudi tangu wajifungue, kumbe wana mimba ya miezi minne. Wapo pia wanaotamani sana mtoto anayefuata, nao hukata tamaa mapema kwa sababu tu hedhi imechelewa au imerudi bila mpangilio, ilhali miili yao haina kasoro yoyote. Makundi haya mawili yanahitaji maelezo yaleyale, na mwongozo huu unayatoa kwa kufuata kalenda inayoanzia siku ya kujifungua, kwa kuwa hiyo ndiyo tarehe ambayo kila mzazi anayo mkononi, imeandikwa kwenye kadi ya mtoto.

Uwezo wa kushika mimba hurudi lini

Kwa mama asiyenyonyesha, yai la kwanza linaweza kupevuka mapema kiasi cha wiki ya nne baada ya kujifungua, na kwa kuwa mbegu za kiume huweza kuishi siku kadhaa ndani ya mwili wa mwanamke, wahudumu wa afya huhesabu kwamba mama huyo anahitaji kinga kuanzia siku ya 21. Katika kundi hili wamo waliofiwa na mtoto, walioshindwa kunyonyesha kwa sababu ya maradhi, na wanaotumia maziwa ya kopo. Arobaini inayofuatwa pwani na katika familia nyingi za Kiislamu humlinda mzazi kwa sababu watu hujizuia na tendo la ndoa katika kipindi cha nifasi, wala si kwa sababu mwili wake haujaanza kazi. Mama asiyenyonyesha anapotoka arobaini huenda tayari yumo katika siku zake za kushika mimba.

Kwa anayenyonyesha mambo ni tofauti. Mtoto anapofyonza ziwa, mwili wa mama hutoa homoni ya prolaktini inayotengeneza maziwa, na wakati huohuo ubongo hupunguza zile homoni zinazoamuru yai lipevuke. Kinacholeta matokeo hayo ni kufyonza kwenyewe, mara kwa mara, mchana na usiku. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, nchini Italia, walikubaliana kwamba kunyonyesha kunaweza kumkinga mama dhidi ya mimba kwa zaidi ya asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayopaswa kutimia kwa pamoja: hedhi iwe haijarudi, mtoto awe ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, na awe hajatimiza miezi sita. Wakunga huongeza kipimo cha saa ili mama aelewe maana ya sharti la pili, yaani mtoto asikae zaidi ya saa nne mchana wala zaidi ya saa sita usiku bila kunyonya.

Katika nyumba zetu sharti linalovunjika kwanza mara nyingi ni hilo la pili, na huvunjwa na watu wenye nia njema. Bibi humwonea mjukuu huruma akiwa na miezi mitatu, akamkorogea uji mwepesi. Jirani huleta maji ya gripu. Mtoto hushiba, hulala usiku kucha, na mama hufurahia usingizi bila kutambua kwamba kinga yake imeondoka. Jambo la pili ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mama anayekamua maziwa na kuyaacha nyumbani anafanya vyema kwa afya ya mtoto, lakini kukamua hakupeleki ujumbe uleule kwenye ubongo kama mtoto anavyofanya, kwa hiyo kuanzia siku aliyorudi kazini asiitegemee tena njia hii peke yake.

Damu inayotoka ndani ya wiki nane za mwanzo kwa mama anayenyonyesha kikamilifu huchukuliwa kuwa sehemu ya kujisafisha kwa mfuko wa uzazi, wala haihesabiwi kuwa hedhi. Baada ya hapo, damu ya siku mbili mfululizo ichukuliwe kuwa hedhi imerudi.

Mtoto akishatimiza miezi sita, hakuna mtu awezaye kumwambia mama kwa uhakika lini yai litapevuka. Wako wanaoona hedhi mwezi wa nne ingawa wananyonyesha vizuri, na wako ambao haiji mpaka mtoto ametimiza mwaka na nusu. Mizunguko ya mwanzo nayo huwa na dosari zake: mingine hupita bila yai kupevuka, na mingine huwa na kipindi kifupi mno kati ya yai kupevuka na hedhi kiasi kwamba mimba haipati nafasi ya kujishikiza. Mama anayetafuta mtoto na ambaye hedhi yake imerudi miezi miwili au mitatu iliyopita asianze kujitafutia ugonjwa.

Muda wa kusubiri

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba baada ya kujifungua mtoto aliye hai, wazazi wasubiri angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine, na ushauri huo ndio unaotolewa pia katika kliniki za uzazi wa mpango hapa nchini. Ukiongeza miezi tisa ya ujauzito, watoto watapishana kwa takriban miaka miwili na miezi tisa. Mimba inayofuata upesi, hasa ile inayoingia kabla ya miezi sita, huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito pungufu, na humkuta mama akiwa bado hajarudisha damu na madini aliyoyatoa katika mimba iliyopita na katika kunyonyesha.

Aliyejifungua kwa upasuaji ana sababu ya ziada ya kusubiri. Kovu la mfuko wa uzazi huhitaji muda kuwa imara, na mimba inapofuata mapema mno hatari ya kovu kuachia wakati wa uchungu huwa kubwa zaidi, hasa kwa mama anayetaka kujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida. Asiyepata nafasi ya kusubiri, kwa sababu mimba imeshaingia, hana haja ya kuingiwa na hofu. Anachopaswa kufanya ni kuanza kliniki mapema, kueleza tarehe ya upasuaji, na kupanga kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, wala si zahanati.

Ushauri wa miezi 24 haukuandikwa uwe amri kwa kila mtu. Mwanamke mwenye miaka 38 aliyepata mtoto wake wa kwanza mwaka jana hawezi kuhesabu sawasawa na mwenye miaka 23, kwa kuwa idadi na ubora wa mayai hushuka kwa kasi zaidi baada ya miaka 35, na kila mwaka anaousubiri una gharama yake. Huyu na azungumze na daktari juu ya kusubiri mwaka mmoja au mwaka mmoja na nusu, iwapo afya yake inaruhusu. Kwa upande wa pili, nafasi inayozidi miaka mitano nayo si salama zaidi kama wengi wanavyofikiri, kwani hatari ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba hupanda tena, karibu kama ya mwanamke anayebeba mimba kwa mara ya kwanza.

Wazazi waliofiwa na mtoto tumboni au mara baada ya kuzaliwa wamo katika hali ya peke yake. Mwili wa mama hurudi upesi kwa sababu hakuna anayenyonya, na ndugu huwa wepesi kusema «zaeni mwingine msahau». Nafikiri maneno hayo hayamsaidii mtu. Kinachopaswa kutangulia ni kurudi hospitali na kuuliza sababu ya kifo ilivyoandikwa kwenye jalada, kwa maana sababu kama shinikizo la damu, kisukari, kaswende au makundi ya damu yasiyopatana zinaweza kushughulikiwa kabla ya mimba inayofuata, nazo zikiachwa hujirudia. Aliyeharibikiwa na mimba ndogo kwa kawaida hushauriwa kusubiri miezi sita. Mwenye mimba zabibu, yaani ile ambayo kondo hukua isivyo kawaida mithili ya vishada vya zabibu, asubiri mpaka vipimo vya damu vya ufuatiliaji vimalizike na daktari amruhusu.

Kwenda kliniki kabla ya mimba

Wengi huijua kliniki ya wajawazito na ya watoto, lakini ni wachache wanaokwenda kliniki ili kujiandaa kwa mimba. Njia rahisi ya kufanya hivyo ni kutumia safari ambayo mama anaifanya vyovyote vile, yaani siku anayompeleka mtoto kupimwa uzito au kuchanjwa, na kumwambia muuguzi waziwazi: ninapanga kubeba mimba miezi michache ijayo, naomba vipimo na ushauri. Aende na kadi yake ya ujauzito uliopita na karatasi ya kuruhusiwa hospitalini. Kama alipoteza damu nyingi, kama alipata kifafa cha mimba, kama kondo la nyuma lilitolewa kwa mkono, au kama alifanyiwa upasuaji, mambo hayo yasemwe hata kama hayakuandikwa.

Kipimo cha kwanza ni wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango kinachofaa ni gramu 12 kwa desilita au zaidi, na aliye chini ya hapo ni vyema atibiwe kabla ya mimba kuliko kukimbizana na upungufu wa damu wakati mtoto tumboni naye anadai sehemu yake. Dagaa, maharage, nyama, mchicha na matembele husaidia, hasa vikiliwa pamoja na chungwa, embe au limau, huku chai ikiachwa mpaka saa moja au mbili baada ya chakula kwa kuwa huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Udongo wa kula unaouzwa sokoni nao huzuia madini hayo, na mama aliyezoea kuula tangu mimba iliyopita ajitahidi kuuacha sasa.

Jambo la pili ni vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, vianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na kuendelea hadi wiki ya 12. Watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi, ambao hufanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wengi hupata kasoro hiyo katika siku 28 za mwanzo baada ya mimba kutungwa, yaani kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Ndiyo sababu kidonge kinachotolewa katika hudhurio la kwanza, mimba ikiwa na miezi mitatu au minne, kinasaidia damu ya mama lakini kimechelewa kwa uti wa mgongo wa mtoto. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo anahitaji dozi kubwa zaidi, ambayo hupangwa na daktari.

Vipimo vingine ni shinikizo la damu, sukari, kaswende na VVU. Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri na ambaye virusi vyake vimefubazwa anaweza kubeba mimba na kuzaa mtoto asiye na maambukizi. Apange mimba wakati kiwango cha virusi kiko chini. Kundi la damu lenye alama hasi lina umuhimu zaidi katika mimba ya pili kuliko ya kwanza, kwa kuwa mama hasi aliyezaa mtoto chanya alipaswa kuchomwa sindano maalumu ndani ya saa 72, na kama hakuchomwa daktari anapaswa kujua. Kwa wazazi ambao wote wawili wamebeba nusu ya vinasaba vya selimundu (sikoseli), kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa, hata kama wa kwanza ni mzima. Kipimo hiki kifanywe na baba pia.

Anayetumia dawa za kila siku asiziache kwa hofu, wala asiendelee nazo bila kuuliza. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zikiwemo enalaprili na losartani, pamoja na dawa ya kifafa iitwayo valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na zipo nyingine za kuzibadilisha. Mabadiliko hayo yafanywe na daktari kabla ya mimba kuingia.

Hapa ni mahali pa kusema neno juu ya dawa za «kusafisha kizazi» zinazotangazwa kila kona, za kunywa, za kuweka ukeni na za kujifukiza. Mfuko wa uzazi hujisafisha wenyewe baada ya kuzaa. Kuingiza mitishamba, sabuni au maji ndani ya uke huondoa bakteria walinzi na kufungua njia ya maambukizi, na maambukizi ndiyo yanayoharibu mirija ya uzazi, kwa hiyo mwanamke anaweza kulipia kitu kile kile kitakachomzuia kuzaa.

Kuacha njia ya uzazi wa mpango

Kitanzi kikitolewa na kijiti kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, mara nyingi katika mzunguko unaofuata. Vidonge vya majira navyo havikawizi. Kwa sababu hiyo kitanzi au kijiti kitolewe wakati wazazi wako tayari kweli, na kitolewe na mhudumu aliyefunzwa, katika kituo, bila malipo katika vituo vya serikali. Yapo mazungumzo ya mtaani kwamba njia hizi huharibu kizazi au huganda tumboni. Ushahidi wa miaka mingi hauungi mkono madai hayo.

Sindano ya miezi mitatu ndiyo yenye hesabu tofauti. Dawa hubaki mwilini muda mrefu baada ya dozi kwisha, na kwa wanawake wengi mimba hupatikana baada ya miezi tisa hadi kumi tangu sindano ya mwisho, wengine wakachukua mwaka na zaidi. Hii si dalili ya ugumba. Ni namna dawa hiyo inavyofanya kazi. Mwanamke anayetaka mimba mtoto wake atakapotimiza miaka miwili, na anatumia sindano, aachane nayo mtoto akiwa na mwaka mmoja na kidogo, kisha atumie kondomu kwa miezi iliyobaki. Ninaona ni kosa kubwa la utoaji ushauri kwamba wanawake wengi huchomwa sindano bila kuambiwa jambo hili, ndipo mwaka unaofuata wanalaumiwa na mawifi kwamba hawazai.

Siku za kushika mimba

Yai likishapevuka huishi kati ya saa 12 na 24, ilhali mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku tano katika ute unaofaa. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama sita katika kila mzunguko: tano kabla ya yai kupevuka na ile ya kupevuka yenyewe. Ili kuikadiria siku hiyo, chukua urefu wa mzunguko, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi hadi siku ya kuamkia hedhi inayofuata, kisha toa 14. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hupevuka karibu na siku ya 14. Wa siku 32, karibu na siku ya 18, hivyo siku zake nzuri ni ya 13 hadi ya 18. Wanaoambiwa kwamba kila mwanamke hupevusha yai siku ya 14 hupoteza miezi mingi bure.

Hesabu hiyo haimfai anayenyonyesha ambaye mizunguko yake bado inayumba. Huyu aangalie ute. Unapokuwa mwingi, mwangavu, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku, siku zimekaribia. Unapogeuka mzito au kukauka, zimepita. Ambaye hataki kuhesabu chochote atosheke na kukutana na mwenzake kila baada ya siku mbili au tatu katika mwezi mzima, kwani kwa njia hiyo hakuna siku nzuri itakayowapita. Kujizuia kwa wiki nzima ili «kuzikusanya» mbegu hakuongezi nafasi ya mimba.

Swali linaloulizwa sana ni kama ni lazima kumwachisha mtoto ziwa. Hedhi ikiwa imerudi na inakuja kwa mpangilio, hakuna haja. Hedhi ikiwa haijarudi na mtoto amepita mwaka, mama anaweza kupunguza kunyonyesha taratibu, akianzia usiku, huku mtoto akila milo kamili. Mara nyingi hilo linatosha kuamsha ovari. Kumlikiza ghafla kwa kupaka pilipili au shubiri si jambo la lazima, na mtoto aliye chini ya mwaka asilikizwe kwa sababu ya kutafuta mdogo wake.

Mimba ikiingia mama akiwa bado ananyonyesha, lawama ya kubemenda mtoto huanza kusikika. Maziwa ya mama mjamzito hayana sumu. Hupungua, ladha hubadilika, na watoto wengine huyakataa wenyewe, lakini mtoto anayedhoofu katika hali hii hudhoofishwa na kuachishwa ziwa kwa ghafla na kupewa uji wa maji usio na karanga, maharage, dagaa, yai wala maziwa. Mama anaweza kuendelea kunyonyesha, akijiongezea chakula, isipokuwa kama anatokwa na damu, ana historia ya kuzaa kabla ya miezi kutimia, au daktari amemwambia aache.

Mimba inapochelewa

Wenza wanaokutana mara kwa mara bila kinga hupewa miezi 12 kabla ya kuhesabiwa kuwa wana tatizo, na miezi sita kama mwanamke amefikisha miaka 35. Miezi hiyo ihesabiwe kwa uaminifu. Dereva wa lori anayekwenda Lubumbashi na kurudi nyumbani siku nne kwa mwezi, mvuvi anayefuata dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, au mume anayefanya kazi Muscat na kuja likizo mara moja kwa mwaka, hawa hawajatafuta mtoto kwa mwaka mzima hata kama mwaka umepita. Kwao tiba ya kwanza ni kupanga likizo iangukie siku za ute.

Wasisubiri miezi hiyo wale wenye dalili za wazi: aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka na hedhi haijarudi kabisa, kwa kuwa huenda tezi iliyo chini ya ubongo imeathirika, aliyesafishwa kizazi baada ya kuzaa au mimba kuharibika, na tangu hapo hedhi imekuwa matone tu, kwa kuwa huenda kuta za kizazi zimeshikana, aliyepata homa na uchafu wenye harufu baada ya kujifungua, aliyewahi kuugua kisonono au klamidia, na aliyewahi kutunga mimba nje ya kizazi, kwa kuwa mirija yao huenda imejeruhiwa. Miongoni mwa wanawake waliokwisha kuzaa na kisha wakakosa mimba katika ukanda wetu, maambukizi yaliyoziba mirija ni sababu mojawapo kubwa.

Kipimo cha mirija ni picha ya eksirei inayopigwa huku dawa ya kuonyesha njia ikiingizwa kupitia mlango wa kizazi, hedhi ikiwa imekwisha na kabla ya yai kupevuka. Hakuna kidonge wala mzizi uliothibitishwa kuzibua mirija, na fedha nyingi zinazotumika katika dawa hizo zingetosha kulipia picha hiyo.

Kabla ya kumpeleka mwanamke kwenye vipimo vyenye maumivu, mwanamume apimwe mbegu. Kipimo ni rahisi na hakina maumivu: anajizuia kati ya siku mbili na saba, kisha anatoa sampuli. Kuwa na mtoto wa kwanza hakumwondoi katika hesabu, kwani tangu wakati huo huenda ameongezeka uzito, amepata kisukari au maambukizi, mishipa ya korodani imevimba, au ameanza sigara, pombe nyingi au dawa za kujaza misuli. Upande wa mwanamume huchangia katika karibu nusu ya matatizo haya, lakini anayezungushwa kwa waganga ni mke. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo anayebadili mwenendo leo asitarajie kipimo kizuri wiki ijayo. Apime tena baada ya miezi mitatu.

Mimba ikishapatikana

Kipimo cha mkojo kifanywe hedhi ikichelewa wiki moja, na kwa anayenyonyesha ambaye hana hedhi ya kuihesabu, kifanywe maziwa yanapopungua ghafla, mtoto anapolikataa ziwa au kichefuchefu kinapoanza. Kliniki ianzwe kabla ya wiki ya 12. Mama aliyeshika mimba bila kuona hedhi hana tarehe ya kumpa muuguzi, na akikisia, umri wa mimba unaweza kukosewa kwa miezi, jambo linaloleta matatizo makubwa pale inapobidi kupanga upasuaji au kujua kama uchungu umekuja mapema. Huyu aombe kipimo cha picha ya tumbo (ultrasaundi) mapema iwezekanavyo, na asivuke wiki ya 24 bila kukipata, kwa kuwa kadiri mimba inavyokua ndivyo makadirio yanavyopoteza usahihi. Aseme pia kwamba bado ananyonyesha, na aonyeshe vidonge vyote anavyomeza, kwani asidi ya foliki ya miligramu 5 inayouzwa madukani hupunguza nguvu ya dawa ya SP anayopewa mjamzito kuzuia malaria.